Herufi Sita za Ukili

Kopo lenyewe lilikuwa dogo, la bati, na karatasi yake nyeupe ilikuwa imeliwa na unyevu upande mmoja. Huenda juu palikuwa na neno jingine, lakini lilikwisha banduka. Lililobaki lilikuwa moja, kwa herufi nyekundu: BORATE. Bibi wa nyumba niliyopanga alilisogeza karibu na macho yake yaliyovimba, akaligeuza huku na huku kama anayechagua nazi sokoni, kisha akanipa mimi.

"Mwalimu, neno hili maana yake nini?"

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka ule ule. Kwetu Mlandizi, mama zangu walinisindikiza kwenda kazini Kisarawe kama mtu anayekwenda Ulaya, na kwa bibi huyu mimi nilikuwa nimesoma mpaka kusoma kukaisha. Neno lile sikuwahi kuliona. Nikawaza kwamba nikisema sijui, wataona serikali imewaletea mwalimu mbovu, na wasichana wataanza kutolewa shuleni mmoja mmoja. Nikibahatisha, dawa inaingia machoni mwa mtu, na kosa langu litaingia pamoja nayo. Nikasema nitaliangalia vizuri.

"Liangalie basi," alisema bibi. "Wewe ndiye mwenye macho."

Dawa ilikuwa imetoka dispensari. Dresa alimwagiza achukue unga kidogo kwa ncha ya kijiko, auchanganye na maji yaliyochemka, ayaache yapoe, kisha aoshee macho asubuhi na jioni. Bibi alimuuliza na yeye maana ya neno lile, naye akajibu kwamba ni dawa ya macho.

"Hiyo ni kazi yake," bibi aliniambia, akasonya kidogo. "Mimi nimeuliza maana yake. Wewe kazi yako ualimu, lakini si una kwenu na una watu wako? Na dawa nayo ina kwao."

Aliyekuwa akimwosha macho ni mjukuu wake, na huyo ndiye hasa ninayetaka kumwandika. Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne, msichana mrefu, mwepesi wa hesabu, mwenye tabia ya kujibu swali kabla sijalimaliza. Katikati ya mwaka alivunja ungo, akawekwa ndani. Watu wa Kisarawe, kama sisi wa Mlandizi, msichana akifika hapo wanamwita mwali. Anakaa chumba cha ndani, watu wa nje hawamwoni, jua halimpigi, sauti yake haifiki barazani, na kungwi wake anamfundisha mambo ya kiutu uzima mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma na karamu. Mimi nilikaa ndani kwa majuma machache tu, kwa sababu baba yangu alikuwa na haraka na shule. Baba wa msichana huyu hakuwa na haraka. Alitaka kumtoa mwanawe baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, awe na mpunga wa kulisha watu wote, asije akasemwa.

Shida ilikuwa mtihani. Shule moja ya kati, ya bweni, ilikuwa ikichagua wasichana wachache kutoka wilaya nzima, na karatasi zake zilikuwa zinafanyika shuleni kwetu mwisho wa mwaka ule. Ukiukosa, mwaka unaofuata wanachukua wadogo zako. Msichana alilijua hilo, nami nililijua, na kila nilipopita karibu na chumba chake na kitabu mkononi nilijiona kama mtu anayekula mbele ya mwenye kufunga.

Kungwi wake alikuwa shangazi yake mwenyewe, mwanamke mnene, mcheshi, lakini kwa kazi yake hakuwa na mchezo. Nilipothubutu kumuuliza kama ningeweza kumletea mwali kitabu kimoja tu, cha Kiingereza, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mwali kichwa chake kina mafunzo yake mwaka huu. Ukitia vya shule na vyangu, kimoja kitamwagika. Na kitakachomwagika hakitakuwa cha Wazungu, maana wewe una fimbo."

"Sina fimbo, shangazi."

"Basi hata wewe hujakamilika."

Lakini kukaa na mwali sikukatazwa, kwa kuwa mimi ni mwanamke na nilikwisha pita huko. Mchana nikitoka shule niliingia chumbani, nikakuta wote watatu wamekaa juu ya mkeka. Bibi kajiegemeza ukutani na kitambaa kibichi machoni. Shangazi anashona mkeka mwingine. Mwali anasuka ukili, ule mkanda wa miyaa wa kushonea mikeka, kazi ambayo kila mwali huipata kwa wingi mpaka vidole vinapata akili yake vyenyewe.

Siku moja nilimkuta mwali amesuka ukili mwembamba kama kidole, ameukunja na kuufunga kwa uzi. Ilikuwa herufi B. Kando yake zilikuwapo O na R. Kopo la dawa lilikuwa mbele yake, anatazama na kunakili. Kufika jioni zote sita zilikuwa juu ya mkeka.

"Huyo anasoma," nilisema kwa sauti ya chini, nikimtazama shangazi.

"Anasuka," shangazi alijibu. "Mimi naona ukili."

Nilikaa nikawaza kama hiyo ilikuwa ruhusa au mtego. Mwali hakuwaza. Alivuta herufi tatu akazipanga: TEA. Chai. Akazichanganya, akapanga upya: EAT. Kula. Akazichanganya tena: ATE. Akanitazama.

"Alikula," nilisema. "Jana."

"Herufi zile zile?"

"Zile zile."

Alicheka akaziba mdomo kwa kanga, kwa sababu mwali hacheki kwa sauti. Na hapo ndipo ulipoanza mchezo uliotushika nyumba nzima.

Sikujua kabla ya hapo kwamba kopo moja linaweza kubeba maneno mengi hivyo. Siku ya kwanza tulipata EAR, sikio, na mwali akamshika bibi yake sikio ili asisahau. Tukapata BOAT, ambayo ni mashua, na ROBE, ambayo nilieleza kuwa ni vazi refu kama joho la shehe. Tukapata OAT, na hapo nilikwama. Nilijua ni nafaka ya Wazungu, ila sikuwahi kuiona. Nilisema wanawapa farasi, kisha nikakumbuka kwamba na wao wenyewe wanaila asubuhi, nikaogopa kwamba nimewatukana.

"Wanakula pamoja na farasi?" bibi aliuliza kutoka ukutani.

"Kila mmoja na sahani yake, bibi."

"Hapo sawa."

Kilichonifurahisha zaidi mimi, mtu wa kuhesabu makosa kabla hayajafanyika, ni vitendo. Kiingereza kina vitendo vikaidi ambavyo vikienda wakati uliopita vinabadilika tumboni, na ndivyo vilivyomsumbua mwali darasani kupita chochote. Ndani ya kopo lile vilikuwamo vitatu na nyakati zake zote mbili: EAT na ATE, TEAR na TORE, BEAR na BORE. Kula, kuchana, kubeba. Mwali alikuwa akiondoa ukili wa A na kutia ukili wa O mahali pengine, na jana ikaja. Nilikuwa nimemfundisha jambo hilo kwa ubao mwezi mzima bila mafanikio. Sasa vidole vyake vilikuwa vinalifanya bila kumuuliza. Halafu tukatunga sentensi, kwa sababu TO na AT na OR na BE na ARE navyo vilikuwamo, na kutoka sentensi tukatoka nje ya kopo kabisa, tukaingia maneno mengine, na hakuna mtu aliyesema kitu. Ukili ulikuwa ukili.

Kisha tukapata RAT. Mwali aliuliza, nikasema ni panya. Dakika ile ile akapanga BAT, nikasema ni popo.

Bibi alitoa kitambaa machoni.

"Subirini. Mnasema humo ndani ya dawa yangu mna panya?"

"Hapana, bibi. Ni herufi tu."

"Mmemtoa panya, mmemtoa popo. Jana mlimtoa mnyama gani yule?"

"Dubu," alisema mwali. BEAR ni dubu pia, nasi hatukuwahi kumwona.

"Na dubu," alisema bibi. "Mimi naoshwa macho na panya, popo na dubu, halafu mwalimu anasema ataliangalia neno. Miezi inakwenda. Kesho msiniwekee."

Shangazi alicheka mpaka sindano ikamchoma. Lakini bibi hakuwa anatania. Kesho yake alikataa dawa, na kesho kutwa, na macho yakaanza kugandamana tena. Nilimweleza kwamba herufi si viungo vya mchuzi. Alinisikiliza kwa adabu yote, akasema, "Nitajuaje kama wewe mwenyewe hujui ni nini?" Na jambo jingine lilinikosesha raha zaidi: neno la mwisho kuhusu mwali katika nyumba ile lilikuwa la bibi. Kama kuna mtu angeweza kusema mwali afanye mtihani au asifanye, ni yeye, na mimi nilikuwa nimemlisha panya kwa macho.

Kamusi nilikuwa nayo. Ila niliiacha Mlandizi, ndani ya sanduku, kwa sababu kabla ya kuondoka niliwaza kwamba paa la nyumba nitakayopanga huenda linavuja. Paa halikuwa linavuja. Jumamosi nilipanda treni ya bara pale Pugu, nikapita Soga na mashamba yake, nikateremka Ruvu, ambako kaka yangu alinipokea kwa baiskeli.

"Umefukuzwa kazi?" aliuliza kabla ya salamu.

"Nimefuata kamusi."

"Umepanda treni kufuata neno."

"Neno moja, ndiyo."

Alinipakia akacheka njia nzima, na kila tulipofika penye mchanga aliniambia nishuke nisukume, kwa kuwa neno langu ni zito.

Nyumbani nilifungua sanduku hata chai sijanywa. Kamusi ilisema borate ni chumvi ya asidi ya boric. Nikatafuta boric. Ilisema ni ya boron, au yenye boron. Nikatafuta boron. Ilisema ni kitu cha asili kinachopatikana ndani ya borax. Niliona ninazungushwa kama mgeni ofisini, kila karani anakuonyesha mlango wa mwenzake. Mwishowe nilifika borax, na hapo kulikuwa na mtu wa kuzungumza naye: madini meupe kama chumvi, yanachimbwa penye maziwa yaliyokauka nchi za mbali, yanatumika kutengenezea vioo, kuunganishia metali, kusafishia, na kuulia vijidudu. Nilinakili yote. Kisha, kwa kuwa nilikuwa pale, nikapekua kutafuta maneno mengine ya herufi zile sita. Niliyapata ORATE, kuhutubia, na BOATER. Hili la pili lilitumia herufi zote, haikubaki hata moja. Maana yake, kamusi ilisema, ni kofia ngumu iliyosukwa kwa nyasi, wanayovaa watu waendao kupiga makasia.

Nilirudi Kisarawe Jumapili na kamusi nimeifunga ndani ya kanga mbili. Nilimwamkia bibi, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, leta maneno," akakaa wima kama anayesikiliza kesi.

"Ni chumvi, bibi."

"Chumvi gani?"

"Si ya kula. Inachimbwa ardhini, kule ambako ziwa lilikuwapo likakauka. Wanaisafisha mpaka inakuwa unga mweupe. Vijidudu haviipendi."

"Panya?"

"Hamna panya."

Nilimsomea na zile kazi nyingine, na nilipofika kuunganisha metali, shangazi aliinua kichwa. Alisema aliwahi kumwona sonara wa Dar es Salaam akinyunyiza unga mweupe kwenye bangili yake iliyokatika kabla ya kuitia motoni, na bangili ikatoka safi. Aliivua mkononi, ikapita kwa kila mmoja wetu. Sikuweza kuapa kwamba ulikuwa unga huo huo, nikasema hivyo, nikaeleza na sababu zangu, lakini hakuna aliyekuwa akinisikiliza tena. Bibi alikuwa ameridhika.

"Kumbe ina kwao," alisema. "Mwali, chemsha maji."

Kisha nikapanga BOATER juu ya mkeka, nikaeleza kofia. Shangazi aliitazama herufi moja moja. Alikuwa amesoma Kurani utotoni na herufi za Kiarabu alizijua zote, kwa hiyo hizi sita zilikuwa zimemwingia wiki nyingi bila yeye kukiri.

"Kofia ya kusuka," alisema. "Kwa hiyo Mzungu naye anavaa ukili, na sisi ndio wenye ukili. Mwambieni alete kichwa."

Tangu siku ile shangazi alicheza waziwazi. Alikuwa hakubali kushindwa. Alipanga TOBA akatuambia nalo lihesabiwe, nikasema si la Kiingereza, akasema wala mwenye toba si Mwingereza. Mwali alikuwa akimwachia maneno mafupi kwa makusudi ili amfurahishe. Nilipoona jinsi walivyokuwa wakiinamiana, vichwa viwili juu ya herufi sita, nilijua wakati wa kusema umefika. Nilijitungia maneno. Niliyatunga upya. Niliyaandika mgongoni mwa karatasi za hesabu za watoto, nikayafuta. Siku niliyofungua kinywa, nilisema tu: "Mtihani ni Jumatatu ijayo."

Mwali alitazama chini.

"Nilikuwa nahesabu lini utasema," alisema bibi. "Ulikuwa unamaliza mkeka kwa kuzunguka."

Baba wa mwali aliitwa barazani. Alisikia, akajikuna kidevu, akasema mambo ya mwali ni ya wanawake, yeye anachojua ni kwamba mpunga bado haujapandwa na ngoma haiwezi kuwa. Bibi akasema hakuna aliyetaja ngoma. Akatoa hukumu yake: mwali ataondoka alfajiri, amefunikwa gubigubi, kungwi mbele, mwalimu nyuma, wapite mashambani wasipite njia kuu. Akimaliza kuandika arudi vile vile. Asionekane, asisikike. Aliyetoka bila kuonekana hakutoka.

Wiki nzima sikulala vizuri. Nilitembea njia ile peke yangu mara kwa mara, nikichunguza mahali ambapo mihogo ilikuwa mifupi na mtu angeweza kuonekana. Nilinunua mwavuli mweusi ili tumkinge upande wa barabara. Nilimwomba shangazi asivae kanga zake nyekundu. Nilifikiria mvua, nilifikiria mbwa, nilifikiria kukohoa. Kitu pekee ambacho sikukifikiria ni jinsi tutakavyoonekana.

Jumatatu tulitoka ukungu ungalipo. Shangazi mbele, amejifunga kibwebwe ili atembee vizuri. Mwali katikati, ameinama chini ya kanga, anakokota miguu kama alivyofundishwa. Mimi nyuma nikimshikia mwavuli, na jua lenyewe lilikuwa halijatoka. Tulivuka shamba la kwanza salama. Kwenye la pili walikuwapo wanawake wawili, wamewahi palizi. Mmoja aliinuka kunyoosha mgongo, akatuona.

Nadhani popote pengine duniani mtu angejiuliza wale ni nani na wanakwenda wapi. Lakini kwa mwanamke wa Kisarawe, kungwi mbele, mwali gubigubi katikati, mwavuli juu, maana yake ni moja tu. Alitupa jembe, akapiga kigelegele kilichofika Boma.

"Nyamaza," alisema shangazi, akipunga mkono. "Hakuna shughuli hapa. Rudini kwenye mihogo."

Hilo ndilo lilikuwa kosa letu kubwa. Siku ya kumtoa mwali, kungwi anatakiwa azuie. Ni kazi yake kuwa mkali, kuwakatalia watu wasimkaribie mwali mpaka wamlainishe kwa tuzo. Kadiri shangazi alivyofoka, ndivyo wanawake walivyozidi kufurahi kwamba anaiweza kazi yake.

"Kungwi mchungu huyo," alisema wa pili, akivua kitambaa chake cha kichwa na kumtupia shangazi begani. "Haya, tumekutunza. Tupishe."

"Nasema anakwenda kwenye mtihani."

"Na sisi tulikwenda," alisema yule, na wote wakacheka, maana mafunzo ya kungwi nayo yana mitihani yake.

Nilijaribu kueleza mimi. Nilianza na shule ya bweni, nikaenda kwenye karatasi tatu, na sijafika mbali nikakuta ninawaeleza watu saba. Walitoka kisimani, walitoka majumbani, mmoja bado ana mswaki mdomoni. Mtu alipiga debe. Mtu mwingine akaanza wimbo wa mwali, na hapo hakuna mwanamke wa kwetu anayeweza kutuliza miguu. Nilimwona shangazi akiendelea kukataza kwa mdomo, huku mabega yamekwisha kubali. Chini ya kanga nilisikia sauti ndogo.

"Mwalimu, tutachelewa?"

"Hatutachelewa."

"Nawe unaimba?"

"Hapana," nilisema, na hapo ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nikiimba.

Tulifika shuleni na umati. Msimamizi wa mtihani, mzee wa makamo kutoka Dar es Salaam, alisimama mlangoni na karatasi kifuani. Wasichana wengine walikuwa wamekwisha kaa. Nikaona kazi yangu imekwisha, mwaka wangu wa kwanza na wa mwisho.

"Mwalimu," aliniuliza, "huu ni mtihani au ni ngoma?"

"Ni mtihani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi wa mtihani aingie, wa ngoma wakae chini."

Wanawake walikaa, jambo lililonishangaza kuliko yote. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta, wakaweka debe miguuni, wakazungumza kwa kunong'ona kama watu walio msibani. Mwali alivua kanga ya juu, akavua ya pili, akampa shangazi. Alikuwa amenenepa kidogo, rangi imetakata kwa kukosa jua, nywele zimesukwa vizuri. Aliingia akakaa kwenye dawati lake. Mimi nilisimama nje ya dirisha mpaka msimamizi aliponiomba kwa upole nisimame mbali zaidi, kwa kuwa midomo yangu ilikuwa ikitembea.

Alipotoka, baba yake alikuwa amefika, amevaa kanzu upande mmoja umekunjika. Habari ilimkuta akisuka kamba.

"Nani amemtoa mwali wangu?" aliuliza. "Sijachinja hata kuku."

"Wamemtoa watu," alisema shangazi. "Mimi nilikataza, waulize wote."

"Alikataza sana," walisema wote. "Hajapata kutokea kungwi wa kukataza kama huyu."

"Basi arudi ndani. Tutafanya vizuri baada ya mavuno."

Lakini nyuma yake alikuwa akija bibi, taratibu, amekunja mkono juu ya macho kujikinga na mwanga. Macho yenyewe yalikuwa yamefunguka vizuri. Alimtazama mjukuu wake aliyesimama juani bila kanga kichwani, akawatazama wanawake na debe lao.

"Amepigiwa vigelegele?" aliuliza.

"Tangu mashambani, bibi."

"Ameimbiwa?"

"Mpaka mlangoni."

Bibi alimgeukia mwanawe. "Mwali haingii mara mbili. Ukimrudisha, tutamwita nani? Ameshatoka. Kamata hao kuku."

Baba alisimama. Niliona akihesabu moyoni mpunga asiokuwa nao na maneno ya watu, nami nilimwelewa vizuri sana, kwa kuwa na mimi ni mtu wa namna hiyo. Mwanamke mmoja akasema ana muhogo wa kutosha. Mwingine akasema ana nazi. Yule aliyepiga kigelegele cha kwanza, akiona aibu sasa, akasema atatoa mchele wake wa Idi.

"Na huo mtihani wake?" baba aliuliza, safari hii akinitazama mimi. "Akiupata?"

Nilifungua kinywa na yale maneno niliyoyatunga usiku mwingi. Bibi aliniwahi.

"Akiupata atakwenda. Alikuwa anazuiwa na uwali, na uwali umekwisha leo asubuhi. Au una sababu nyingine?"

Alitazama uwanja wa shule uliojaa, akavua kanzu akaikunja vizuri, akaenda kutafuta kuku.

Alifaulu, nalisema hapa nisimweke msomaji roho juu kama nilivyowekwa mimi kwa wiki zote zile. Lakini mchana ule hatukujua. Karamu ilifanyika nyumbani, ya muhogo wa nazi na wali kidogo wa kugawana, watu wakala wamesimama. Ngoma halisi ililetwa kutoka kwa jirani. Kama desturi ilivyo, kungwi alimbeba mwali wake mabegani kumwonyesha kwa watu, na shangazi alizunguka naye uwanja mzima akihema na kujisifu.

Nilimfuata kando kando. Kuna swali moja la karatasi ya Kiingereza lililokuwa likinikera. Msimamizi alikuwa ameniruhusu kuisoma baada ya kukusanya, nami nilitaka kujua alijibu nini sehemu ya tatu, na kama alisoma maagizo mpaka mwisho, na kama aligeuza ukurasa.

"Uligeuza ukurasa?" nilimpazia sauti juu ya ngoma.

Aliinama kutoka mabegani pa shangazi, jua limempiga usoni, amekunja macho kwa kuwa hakuwa amelizoea. Mwali aliyekwisha toka anaruhusiwa kucheka kwa sauti, naye alicheka.

"Niligeuza, mwalimu. Sasa piga makofi, watu wanakutazama."

Nikapiga.